Jiko Lenye Kusimama Lenyewe

Municheke kwanza, tumalize ile. Ndiyo, nimeacha kazi na miaka thelathini na tatu. Kuna wazee wenye kunizidi miaka mara mbili, bado wanasukuma rabo ya kulainisha mbao kule Bihambwe, na mimi nimekaa kwa kiti inje ya atelie, karakana yetu, ninapigia watu kelele: "Geuza ile mbao! Umeiweka kichwa chini!" Si uvivu. Ni kifua. Vumbi ya libuyu, ile mbao nyekundu ya kutoka pori la Walikale, iliingia ndani yangu miaka yote ile na ikakataa kutoka. Muganga wa kituo cha afya aliniambia: "Eliya, chagua, mbao ao pumzi." Nikamuuliza kama hakuna kitu cha tatu cha kuchagua. Hakucheka.

Basi pumzi imebaki kidogo, na ninaitumia kuandikia nyinyi wenye kuanza kazi leo. Sikusoma sana, niliishia mwaka wa pili wa sekondari, kwa hiyo pale Kiswahili changu kinachechemea mutanisamehe. Kwa mambo ya mbao musinisamehe kitu, sababu kule sichechemei.

Nilikuwa fundi wa jiko. Si wa milango, si wa vitanda, si wa viti vya saluni ya wageni vyenye kuchongwa maua. Wa kabati za jiko tu. Mafundi wengine walikuwa wananiita Menizie wa Sufuria, ni kusema seremala wa sufuria. Nikipita na ekeri yangu ya kupimia pembe kwapani, moja anapiga mulunzi: "Sufuria anaenda kupima moshi!" Kwetu mwanaume anaingia jikoni mara mbili: siku amekosa chakula na siku nyumba inaungua. Mimi niliingia kila siku, nikapiga magoti kwa majivu, nikapima. Na ninawaambia mbele ya wote: sijaona haya hata siku moja. Katika nyumba nzima, muntu mwenye kufanya kazi zaidi anafanya kazi yake chini kwenye udongo, mugongo umekunjwa, na wenye kukaa bure saluni njo wenye viti. Kama hiyo haikukasirishi, tafuta kazi ingine.

Kabati yangu ya kwanza nilimufanyia mama yangu, na mabaki ya mbao za mikaratusi. Nilikuwa najivuna sana. Nikaiweka jikoni mwake, nikaenda kuimba kwaya, kurudi nikakuta kuku wawili ndani, wanataga. Nikasema: "Mama, hii ni ya sahani!" Akasema: "Mwanangu, sahani ziko nne. Kuku ziko saba. Uliona nani anateseka zaidi?" Sikuwa nimemuuliza anahitaji nini. Nilipima ukuta, sikupima mama. Na mikaratusi ilikuwa mbichi, kisha mwezi mumoja kupita ikajipinda na kupasuka. Kuku ndio hawakulalamika.

Muntu mwenye kunifundisha ni Papa Batasema. Alitoka Buleusa, upande wa Walikale, na alikuwa na mikono mikubwa kama majembe. Hakupenda maneno. Ukikosea, hasemi, anachukua ile kitu anaitupa kwa moto wa chai, na unakunywa chai ya kosa lako. Nimekunywa chai mingi sana. Yeye njo alinionyesha kwamba jiko la kwetu halitaki kabati moja kubwa. Linataka visanduku vyenye kuwa ndugu: upana mumoja, kina kimoja, kila kimoja kinasimama na miguu yake. Leo mama iko na viwili, mwaka kesho anaongeza cha tatu, kinaingia pembeni ya wenzake kama kilizaliwa pale. Na hakuna gundi. Mbao ya rafu iko na ulimi, ulimi unapita kwa tundu la mbao ya pembeni, halafu kabari inaufunga kwa inje. Ukitaka kuifungua, unagonga kabari mara mbili na nyundo ya muti, kabati inakuwa fungu la mbao lenye kuingia mugongoni kwa mwanamuke, na kamba yake kwenye kipaji cha uso. Papa Batasema alikuwa anapima mbao zake na mugongo wa bibi yake. Ikipita mabega, anakata.

Sababu mutaniuliza: fungu la kazi gani? Ah, na nyinyi. Muko wa wapi? Kwetu nyumba ya mbao inauzwa, inafunguliwa asubuhi, jioni imesimama kwa kilima kingine. Na kuko siku zingine muntu anahama bila kupanga. Hizo munazijua, sitazieleza.

Kimo, sikieni vizuri. Kabati ya kukatia mboga, unapima kiwiko cha mwenye jiko, unashusha kiganja kimoja. Usipime kiwiko cha bwana yake, hata akisimama pale anakupa amri. Ya kuwekea babula, lile jiko dogo la makaa, unashuka zaidi, sababu sufuria nayo iko na urefu wake. Na bugali, usiiguse! Mimi nilimufanyia mama mumoja kabati kutoka ukuta mupaka ukuta, laini, nzuri. Akaiangalia. Akasema: "Fundi, inapendeza. Na bugali nitaisonga wapi, juu ya kichwa yako?" Kumbe bugali ya watu kumi inasongwa chini, sufuria imeshikwa na miguu, mwiko unapelekwa na uzito wa mwili wote. Nikatoa kisanduku kimoja katikati, nikaacha nafasi ya muntu kukaa na kigoda chake. Tangu ile siku kila jiko langu lilikuwa na uwazi wa bugali.

Halafu kuko sheria moja, na Papa Batasema aliisema kwa mdomo, hakungoja moto wa chai: "Jikoni hakuna musumari kwa ukuta." Kabati iachane na ukuta kiganja kimoja. Moshi upite, paka apite, panya akose pa kujificha. Nilidhani ni maringo ya muzee. Kwani musumari umekosea nini? Sasa nitawaambia umekosea nini.

Mama Riziki alikuwa anakaa Kirolirwe, kwenye malisho ya ngombe. Bwana yake alikuwa mufugaji mutulivu, anaongea na ngombe kuliko na watu. Mama Riziki alikuwa anakamulisha, anauza maziwa, na ile yenye kubaki anafanya furomaji, yale maduara ya manjano ya jibini. Watu waliyajua mupaka Goma. Aliniomba visanduku vitatu vifupi na kabati moja ndefu yenye rafu sita, ya kuivishia furomaji. Nilimufanyia yote na libuyu. Ile kabati ndefu, hata leo nikifunga macho ninaona namna mbao yake ilikuwa imetulia.

Siku ya kuisimamisha, vifupi vikakaa vizuri. Ndefu ikakataa. Sakafu ilikuwa udongo wenye kushuka kuelekea mulango, na kabati ikawa inayumba kama mulevi. Dawa yake niliijua. Lakini ile siku timu yetu ilikuwa inacheza na ya Kirolirwe, mimi njo golikipa, na nilisikia firimbi imeshalia. Hakuna muntu jikoni. Nikatoa misumari miwili mirefu, nikapitisha kwa mbao ya nyuma, nikapigilia kwa nguzo ya ukuta. To, to, to. Kabati ikanyamaza. Nikakimbia.

Tulifungwa tatu. Nilistahili.

Miaka ikapita. Furomaji zikaiva. Halafu bwana ya Mama Riziki akafa, ugonjwa wa siku chache tu. Hawakuwa wamepata mutoto. Kisha matanga kuisha, ndugu ya marehemu, Papa Deo, akakuja kusema kile wanasemaka: nyumba na malisho ni vya ukoo, shemeji arudi kwao Bihambwe. Mama Riziki hakubishana. Akasema: "Nitaenda na jiko langu." Na kweli, visanduku vyote alivilipa yeye, na furomaji yake, na kila muntu alijua. Bila ile kabati hana pa kuivishia, bila furomaji hana pa kuanzia. Alikuwa na miaka arobaini na tano, na kila kitu chake kilikuwa kimesimama mule jikoni.

Papa Deo naye alikuwa anaitamani ile kabati ndefu, sababu bibi yake alikuwa ameshaanza kusema furomaji ni kitu rahisi. Akasema: "Sawa, shemeji. Tufuate desturi. Kile kimepigiliwa kwa nyumba ni cha nyumba. Kile kinasimama chenyewe ni cha mwenye alikileta." Mama Riziki akafurahi, akasema: "Vuta, utaona." Papa Deo akavuta vifupi, vikatembea. Akavuta ndefu. Haikutikisika. Akaingiza kichwa nyuma yake, akakitoa na utando wa buibui na meno yote inje.

"Shemeji! Kuko misumari!"

Nilitumiwa habari siku ile ile. Aliyeniletea alisema Mama Riziki hakulia, aliuliza tu: "Eliya alinifanyia hivi?" Nilitembea mupaka Kirolirwe na ile swali mugongoni, na niwaambie, hakuna fungu la libuyu zito kama lile.

Kufika, nikakuta kikao mu kiwanja. Chefu ya kijiji kwa kiti, ukoo wa marehemu upande moja, Mama Riziki na dada zake waliotoka Bihambwe upande mwingine, na kamba zao za kubebea zimeshafungwa. Na kwa bahati yangu mbaya, Mama Shemasi wa parokia alikuwa pale pia. Mama Shemasi alikuwa tayari ameniahidi kazi kubwa kuliko zote za maisha yangu: jiko la parokia, visanduku kumi na vinane. Nilikuwa nimeshaota jiko lile mara nyingi mupaka nilijua pa kuweka chumvi.

Papa Deo akanipokea na mikono miwili. "Karibu, Menizie wa Sufuria! Tusaidie. Weye njo ulipiga misumari?"

"Ni mimi."

"Aksanti. Na weye ni fundi mukubwa, hauwezi kupiga musumari bure. Uliipiga sababu ile kabati ni sehemu ya nyumba, si vile?"

Munaona ule mulango alinifungulia? Mulango muzuri, umepakwa rangi. Ningesema "ndiyo", jina langu linabaki safi, Mama Shemasi ananipa parokia, na Papa Deo anabaki na kabati ya furomaji. Mama Riziki alikuwa ananiangalia.

Nikasema: "Apana. Niliipiga sababu nilikuwa mvivu. Kabati iliyumba, na nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza mupira. Mwenye nyumba hakujua, mama hakujua. Musumari si wa nyumba wala si wa desturi. Ni wa haya yangu."

Kiwanja kikapasuka kicheko. Muntu moja wa nyuma akapiga kelele: "Na mulifungwa tatu!" Nikamujibu: "Nne! Moja refa alikataa." Hata chefu alicheka. Mama Shemasi hakucheka. Aliinamisha macho, na niliona visanduku vyangu kumi na vinane vinatoka kwa mulango, kimoja kimoja.

Papa Deo akangoja kicheko kiishe. Hakuwa mujinga. Akasema: "Chefu, fundi amekubali mwenyewe. Kabati haiwezi kusimama yenyewe. Basi si yenye kusimama. Ni yenye kupigiliwa."

Chefu akajikuna kidevu. "Eliya, inaweza kusimama ao haiwezi?"

"Inaweza."

"Basi isimame. Pale pale ilikuwa. Ikianguka, ni ya nyumba. Ikisimama, mama anaibeba."

Tukaingia, wote wenye kuenea, wengine kwa dirisha. Niliomba msumeno, beseni la maji na kaa la moto lililozimika. Papa Deo akasema: "Ee! Sasa anairekebisha!" Chefu akamujibu: "Anamaliza kazi aliyoikimbia. Muache."

Angalieni mikono yangu sasa, vijana, sababu hii njo kazi yenyewe. Nikang'oa misumari, moja, mbili. Kabati ikayumba mbele ya wote, na wanawake wa ukoo wakasema "Yii!" Nikaweka beseni la maji juu yake. Maji hayana shemeji, hayapendelei muntu. Nikaingiza vijiwe chini ya miguu yenye kuning'inia, kimoja kimoja, mupaka maji yakalala sawa kwa ukingo wote. Halafu nikatafuta kijiwe kinene kuliko vyote, nikakata kijiti cha unene ule ule, nikakisimamisha kwa udongo pembeni ya kila muguu, nikachora na kaa pale kijiti kinaishia. Miguu minne, alama nne, hakuna hata moja yenye kulingana na mwenzake. Yule angetaka kupima na metre pale, angepotea. Sakafu ilikuwa imeandika yenyewe.

Halafu tukailaza na nikakata. Muguu ukiukata zaidi, haurudi tena. Na ile ya nyuma niliikata zaidi kwa unene wa ukucha, ili kabati iegemee nyuma kidogo, kama mama mwenye kubeba mutoto. Tukaisimamisha. Nikamwambia Mama Riziki: "Weka furomaji nzito rafu za chini. Chini kabisa." Akaweka, duara kwa duara, bila haraka, kama ni siku yoyote.

Papa Deo akaisukuma na kidole. Kimya. Akaisukuma na kiganja. Kimya. Akavua koti, akaweka bega, na kifua chake ni cha muntu mwenye kupigana na ngombe dume. Kabati ikateleza kidogo kwa udongo, miguu minne pamoja, na ikasimama pale. Haikuinama.

"Imetembea!" Papa Deo akasema.

Mama Riziki akajibu polepole: "Ndiyo, shemeji. Yenye kupigiliwa haitembeake."

Chefu akasimama, akavaa kofia. Mambo yakaisha.

Wanawake wa Bihambwe hawakungoja. Niligonga kabari za visanduku vyote na za ile ndefu, mbao zikafunguka, na kila moja akapata fungu lake: moja mbao za pembeni, moja rafu, moja furomaji ndani ya kitunga. Nani alibeba mbao ndefu? Mimi. Na kamba kwa kipaji, kama wao. Tulipita mbele ya atelie za wale mafundi wa milango na vitanda. Mulunzi ukapigwa, munajua vile unapigwa. "Sufuria! Leo umekuwa mama!" Dada moja wa Mama Riziki akawajibu bila kugeuka: "Na weye ukuwe mwanaume, kuya ubebe!" Wawili wakakuja kubeba. Walikuwa wanacheka, lakini walibeba mupaka mwisho.

Kazi ya parokia Mama Shemasi aliipeleka kwa mwingine. Yule aliipigilia yote kwa ukuta. Mimi sikumusema vibaya, nilisema tu mbele ya waimbaji wote wa kwaya kwamba siku wataongeza chumba watanikumbuka. Hapana, bado hawajanikumbuka. Niliumia mwaka muzima, na musipoumia kwa kazi munayoipenda sijui munaipenda kivipi. Lakini tangu ile siku, wanawake waliokuja kuniagiza walikuwa wananiuliza kitu kimoja: "Eliya, hii itakuwa yangu kabisa?" Ninajibu ndiyo, na ninafungua mifuko yangu waone hakuna musumari. Wanaume wengine walikasirika. Bwana mumoja aliniambia ninafundisha wanawake kuondoka. Nikamwambia: "Papa, mimi ninafundisha kabati kusimama. Kama bibi yako ataondoka, tafuta sababu kwingine."

Musikubali watu wawaambie hii ni kazi ndogo. Musikubali watu wawaambie: kwa nini kupamba jiko hapa kwetu, kesho si tutakimbia? Nilisikia ile neno miaka yote. Jibu langu ni lile lile. Tukikimbia, tutakimbia nalo. Mwenye kungoja amani ili akate mboga amesimama vizuri, mugongo wake hautangoja naye. Muwe na haraka ya kufanya, lakini kwa miguu ya kabati musiwe na haraka.

Turudi kwa ile safari ya mafungu: tulifika Bihambwe jua likiwa bado juu. Mama Riziki hakuwa na nyumba. Kaka yake alikuwa amemupa kipande cha kiwanja, na pale hapakuwa na kitu, majani tu na mawe mawili. Dada zake wakataka kuweka mbao kwa kibaraza cha jirani. Akakataa. Akasema: "Eliya, isimamishe hapa."

"Hapa inje? Hakuna hata ukuta, Mama."

"Nimekuuliza ukuta?"

Nikagonga kabari. Nikaweka vifupi vitatu, na uwazi wa bugali katikati, nikaita beseni la maji na vijiwe kwa ile ndefu. Kilima kizima kilisimama kutazama: jiko zima kwa majani, bila mulango, bila paa, mbao nyekundu kwenye jua. Mama Riziki akapanga furomaji zake, akafunga kitambaa kichwani, akawasha babula. Kisha akainua macho kwa wale watu wote waliokuja kushangaa, akasema na sauti ya muntu mwenye nyumba:

"Basi, mumesimama pale kwa nini? Sahani ziko. Kuyeni mukule."